Samaki wa Jerikeni Mbili na Nusu

  

Leo, msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya samaki. Si samaki wa sufuria. Huyo sokoni Ggaba wanamjua vizuri. Nazungumzia samaki wa kutazama, yule wa kwenye kioo, unayemweka sebuleni watoto wakaacha televisheni wakamkodolea macho. Siku hizi Kampala nawaona kila mahali: kwenye kumbi za hoteli, kwa madaktari wa meno, kwenye saluni, na sasa majumbani. Ni jambo zuri. Lakini wengi wa samaki hao hawamalizi mwezi, na hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Ntinda alinisimamisha njiani. Jirani yake alihama, akamwachia tangi la kioo. Akaniambia, "Kaka, mtoto hanipi raha, anataka samaki wenye rangi. Nikanunue samaki gani?"

Nikamuuliza, "Mama, hilo tangi linaingia jerikeni ngapi?"

Akanyamaza kidogo. "Sijapima."

Basi tuanzie hapo hapo, msikilizaji. Kabla hujauliza samaki gani, uliza maji kiasi gani. Kabla hujauliza rangi, uliza maji. Samaki hakai ndani ya tangi; anakaa ndani ya maji. Anakula humo, anapumua humo, na, samahani kama uko mezani, anajisaidia humo humo. Maji yakiwa machache, hana pa kukimbilia.

Kupima ni kazi rahisi. Chukua jerikeni ya lita 20, ile ile ya nyumbani, jaza, mimina, hesabu. Kama unapenda hesabu ya rula, zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawa kwa 1,000. Tangi la mama yule lilikuwa la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Hizo ni lita 54. Toa nafasi ya changarawe chini, toa nafasi ya juu usiyojaza, unabaki na kama lita 50. Jerikeni mbili na nusu. Na kumbuka kila jerikeni ni kilo 20, kwa hiyo usiliweke kwenye kimeza cha kona kinachocheza. Liweke juu ya kitu kigumu, mbali na jua la dirishani.

Sasa, jerikeni mbili na nusu zinatosha samaki gani?

Hapa ndipo watu wengi tunapokosea, kwa sababu dukani samaki wote ni wadogo. Wote wana urefu wa kidole. Muuzaji anakuchotea watano, anakufungia kwenye kavera, ule mfuko wa plastiki, unapanda bodaboda, furaha tele. Lakini yule samaki wa kidole ni mtoto. Ukimnunua mtoto, uliza mkubwa wake analingana na nini.

Samaki dhahabu, kwa mfano, yule mwekundu wa machungwa anayependwa na kila mtoto. Akitunzwa vizuri anafika sentimita 20 na kupita, na anaishi miaka zaidi ya kumi. Yule mweusi mweusi mwenye mdomo wa kunyonya kioo, unayeambiwa anasafisha tangi, huyo anaweza kupita sentimita 30, na uchafu anaoutoa ni mwingi kuliko anaouondoa. Halafu kuna wale wanaoona njia ya mkato: wananunua vifaranga vya ngege au vya kambare kwa wafugaji wa upande wa Kajjansi, kwa sababu ni bei rahisi, wanawatia kwenye kioo. Ngege ni samaki wa bwawa. Kambare wetu anaweza kupita mita moja. Utamweka wapi kwenye sentimita 60?

Nasema hivi kwa uchungu kidogo. Miaka mingi nyuma nilinunua samaki dhahabu wawili pamoja na bakuli la kioo la mviringo, lile linaloonekana kwenye picha za watoto. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba hawahitaji kitu kingine, badilisha maji tu. Siku ya nne mmoja alikuwa analala ubavu. Siku ya sita wote wawili walikuwa wamekwisha. Nilidhani waliugua. Hawakuugua. Walikufa kwa sumu ya uchafu wao wenyewe, ndani ya lita nne za maji.

Acha nieleze kidogo, kwa sababu ukilielewa hili umeelewa nusu ya ufugaji wa samaki wa kioo. Samaki anatoa amonia, kupitia matamvua yake na kupitia kinyesi. Amonia ni sumu. Ziwani haimdhuru kwa sababu maji ni mengi, na kuna bakteria wanaoila. Bakteria wa kwanza wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Sasa tangi jipya, limetoka kusuguliwa, linang'aa, lina bakteria hao? Halina. Wanahitaji wiki nne mpaka sita ili wajijenge kwenye sifongo ya chujio na kwenye changarawe.

Sisi wa Kampala tuna mfano mkubwa wa jambo hili mlangoni petu. Maji machafu ya mji yanateremka na mfereji wa Nakivubo, yanaingia kwenye kinamasi cha mafunjo, na kinamasi kile kinayachuja kabla hayajafika ghuba ya Murchison, ile ghuba ambayo mitambo ya Ggaba inachota maji tunayokunywa. Kinamasi kikikatwa na kulimwa magimbi, kazi inakuwa ngumu na ghali Ggaba. Basi sifongo ya chujio lako ndiyo kinamasi cha tangi lako. Usiifue kwa sabuni. Usiifue kwa maji ya bomba. Ikamue tu ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, uirudishe.

Kwa hiyo nilimwambia mama wa Ntinda: jaza tangi, panda majani, washa chujio, tia punje chache za chakula cha samaki kila siku mbili tatu ili bakteria wapate cha kula, na usinunue samaki hata mmoja kwa wiki tano. Akaniambia, "Kaka, huyo mtoto unamjua?" Simjui, lakini mtoto anayesubiri wiki tano ana heri kuliko mtoto anayezika samaki siku ya sita.

Tuko pamoja? Maji kiasi gani, kisha subira. Sasa tuulize: maji ya namna gani?

Maji ya bomba ya Kampala ni maji ya Ziwa Nalubaale, yaani Viktoria, yaliyosafishwa na kutiwa klorini. Klorini inaua vijidudu vya maradhi, na ndiyo maana tunaitaka. Lakini inaunguza matamvua ya samaki na inaua wale bakteria wazuri. Dawa yake ni rahisi: chota maji leo kwenye ndoo pana, acha wazi mpaka kesho, klorini inapaa. Ukiwa na pampu ya hewa, ipulize humo, itatoka upesi zaidi.

Kitu cha pili ni ugumu wa maji. Hapa usinunue kipimo, nenda bafuni. Sabuni ikitoa povu upesi na kwa wingi, maji yako ni laini, hayana chokaa nyingi. Wale mliokaa Mombasa au Unguja mnajua maji ya visima vya kule kwenye mawe ya matumbawe: unasugua sabuni mpaka inakwisha, povu huoni. Yale ni maji magumu. Maji yetu ya ziwa ni laini. Na kuna samaki wa maji laini na samaki wa maji magumu, kama vile kuna zao la Kabale na zao la Karamoja.

Gapi, yule mdogo mwenye mkia kama kanga iliyotandazwa, asili yake ni kaskazini ya Amerika ya Kusini na visiwa vya karibu, na anapenda maji yenye madini. Kwetu anaishi, lakini baada ya muda anadhoofika, mapezi yanajikunja. Msaidie: tia vipande vya jiwe la chokaa au makombe yaliyovunjwavunjwa karibu na chujio. Na kama utamchukua gapi, nakusihi, chukua madume matupu. Jike mmoja aliyekwisha kukutana na dume anaweza kukuzalia kila mwezi, mwezi baada ya mwezi, bila kumwona dume tena. Baada ya nusu mwaka utakuwa unagawa samaki mtaa mzima.

Wale wa rangirangi wanaoitwa samaki wa Malawi ndio usiwaguse kabisa. Ni wazuri, nakubali, bluu na manjano ya kumeremeta. Lakini Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika yana maji magumu kuliko yetu, na madume wa kule ni wagomvi. Jerikeni mbili na nusu ni uwanja wa vita.

Neoni, yule mwembamba mwenye mstari wa bluu unaowaka, ametoka kwenye bonde la Amazoni, na maji laini kwake ni nyumbani. Huyu maji ya Ggaba yanamfaa. Kasoro yake ni kwamba hapatani na tangi changa. Mpe tangi miezi mitatu minne litulie, ndipo uwalete sita au wanane, kwa sababu peke yake neoni hukaa amejificha kwa hofu.

Sasa nigusie mambo mawili ya Kampala ambayo vitabu vya Ulaya havitakwambia: baridi ya usiku na umeme.

Baridi kwanza. Mji wetu uko juu, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mchana tunatoka jasho, lakini alfajiri, mvua ikiwa imenyesha, maji ya tangi sebuleni yanaweza kushuka mpaka karibu nyuzi 20. Kuna samaki asiyejali, kuna samaki anayeugua. Beta, yule dume mwenye mapezi marefu kama gauni la bibi harusi, anataka nyuzi 25 na zaidi. Huyo anahitaji hita. Na kwa kuwa nimemtaja, niseme wazi: kumweka beta kwenye kikombe ni kumtesa. Ni kweli ana kiungo maalumu cha kuvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana hafi upesi. Kutokufa si kuishi. Beta mmoja anataka jerikeni yake moja nzima, yenye joto, na dume mwenzake asiwemo, maana watauana.

Na umeme? Umeme ukikatika saa mbili usiku, pampu inanyamaza, chujio linasimama. Tangi lililojaa samaki kupita kiasi halifiki asubuhi. Utawaona wote wamepanda juu, midomo kwenye uso wa maji, wanafungua na kufunga, wanafungua na kufunga. Hewa imewaishia. Ukiona hivyo, chukua kikombe, chota maji ya tangi, yamimine tena kutoka juu kidogo, urefu wa rula, mara hamsini, pumzika, rudia. Yale matone yanabeba hewa. Na kama chujio limesimama usiku kucha, kabla hujaliwasha asubuhi likamue kwenye ndoo kwanza, kwa sababu bakteria waliokosa hewa huenda wamekufa humo na uchafu umeoza.

Lakini kinga iliyo bora ni moja tu. Samaki wachache. Narudia, msikilizaji: samaki wachache. Jerikeni mbili na nusu ni za samaki wadogo wanane, kumi wakizidi. Tangi lenye samaki wanane na majani mengi linavumilia saa kadhaa za giza. Tangi lenye samaki thelathini halivumilii.

Ukiniuliza wa kuanzia, nitakutajia danio. Ni samaki mdogo, sentimita nne tano, mwenye mistari ya bluu na fedha kutoka kichwani mpaka mkiani, asili yake Bara Hindi. Nyuzi 18 kwake sawa, nyuzi 25 sawa. Hagombani, hali mwenzake, anaogelea kutwa. Watu humdharau kwa sababu ni wa bei ndogo. Mimi namheshimu. Wanane wakiwa kundi moja, wakageuka kwa pamoja mwanga wa asubuhi ukiwapiga, utaelewa.

Hata hivyo, msikilizaji, yote niliyoyasema mpaka sasa ni ya wageni. Danio wa India, neoni wa Amazoni, beta wa Thailand. Tunaishi kando ya ziwa ambalo wataalamu wa samaki duniani kote wanalisoma kama msahafu, na kwenye vioo vyetu hamna samaki wetu. Je, hatuna wa kwetu anayefaa?

Tunaye. Na hapa naomba unipe dakika zako.

Mnamjua nkejje. Watanzania kule ng'ambo ya ziwa wanamwita furu. Kwa Waganda ni samaki mwenye heshima: anakaushwa, anasagwa, unga wake unatiwa kwenye uji wa mtoto aliyedhoofika, na upo ukoo mzima wa Nkejje ambao huyo ndiye mwiko wao, hawamli. Wengi tunadhani nkejje ni samaki wa aina moja. Si kweli. Ziwa hili lilikuwa na aina kama 500 za jamaa hao, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kuna waliokula konokono, waliokwangua mawe, waliokula mayai ya wenzao. Wanasayansi wanatuambia ziwa lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo aina hizo zote zimechipuka tangu hapo. Kwa hesabu ya viumbe, hiyo ni jana.

Mmoja wao, wa miamba ya Ghuba ya Mwanza, alipewa mwaka 1985 jina la Mwalimu Nyerere: anaitwa nyererei. Mgongo mwekundu, mbavu za manjano, milia myeusi. Na mwaka 1998 kundi lake likapewa jina la Kiswahili kabisa, Pundamilia. Samaki huyo anafugwa kwenye vioo vya Ujerumani na Marekani, watu wanamtunza kama yai. Lakini simpendekezi kwa mama wa Ntinda. Dume wa nyererei anatawala eneo lake kwa mabavu, anataka tangi la jerikeni kumi. Kwenye jerikeni mbili na nusu atamaliza wenzake.

Wa kwetu anayefaa tangi dogo ni binamu yake wa kinamasini. Jina lake la kitaalamu ni refu, nitalisema polepole: Pseudocrenilabrus multicolor. Yupo kwenye vinamasi vya mafunjo, kwa mfano kile cha Lwamunda kinachozunguka Ziwa Nabugabo, upande wa Masaka. Dume mzima ni sentimita saba nane tu. Midomo ya bluu, mwili wa rangi ya shaba yenye vitone vya kijani na bluu, na mwishoni mwa pezi la chini doa moja la machungwa kama makaa. Jike ni wa rangi ya mchanga.

Kwa nini namsifu? Chini ya mafunjo, msikilizaji, maji ni meusi na hewa ni haba sana. Sangara hawezi kukaa humo. Mtafiti Lauren Chapman wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, pamoja na wenzake, wamemchunguza samaki huyu Uganda kwa miaka mingi, na walichokuta ni kwamba wale wa kinamasini wana matamvua makubwa kuliko ndugu zao wa maji ya wazi, ili wavune ile hewa kidogo iliyopo. Sasa fikiria mji wa umeme wa kukatika. Tunanunua samaki wa mbali ambaye pampu ikinyamaza kwa muda mrefu anaweza kukata roho, na hapa kwetu yupo samaki ambaye kinamasi kimemfundisha kuvumilia.

Na utamaduni wake wa malezi! Nimeuona kwa macho yangu na bado nauwaza. Dume anachimba kishimo kwenye mchanga kwa mdomo, anatoa mchanga tonge kwa tonge. Jike anataga, halafu papo hapo anageuka na kuyachukua mayai yake mdomoni. Kuanzia hapo hali. Unamwona amejitenga nyuma ya jiwe, kidevu kimevimba kama mtu aliyeficha njugu shavuni, taya zinatikisika polepole kuyageuza mayai yapate hewa. Unatia chakula, kinapita mbele ya macho yake, anakitazama, hakigusi. Siku kumi, siku kumi na mbili. Kisha asubuhi moja anafungua mdomo na wingu dogo la vifaranga linatoka, kila kimoja kama punje ya mtama yenye macho. Nilisogeza mkono karibu na kioo, akarudi nyuma akashusha kichwa, na wote wakarudi mdomoni kwa sekunde chache. Mtoto akiona hayo mara moja, hatayasahau.

Ukimpata, weka dume mmoja na majike matatu, usizidishe. Tangi la sentimita 60 ndilo la mwisho kwa udogo. La 80 wanapumua zaidi. Mchanga laini, mawe machache, majani ya kutosha ili jike apate maficho dume anapomsumbua. Usimchanganye na gapi, atawawinda. Na usiende kuchota kinamasini kwa ndoo kwa uamuzi wako. Pita kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize ruhusa. Madukani ni nadra kumwona, kwa sababu hatumuulizii. Tukimuulizia, wafugaji watamzalisha. 

Muda unanikimbia, lakini jambo moja siwezi kuliacha.

Wale jamaa 500 wa nkejje niliowataja, wengi wao hawapo tena. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu walimtia sangara, yule tunayemwita mputa, ndani ya ziwa letu, wakiwaza minofu na biashara. Alikaa kimya miaka. Miaka ya 1980 akajaa ziwa zima. Kiwandani alileta fedha, na fedha hizo zimesomesha watoto, siwezi kukana. Lakini aina zinazokadiriwa kufika 200 za nkejje zilitoweka, kwa kuliwa naye na kwa maji yaliyochafuka. Nabugabo nako walimtia, na nkejje waliosalia wengi ni wale waliokimbilia kwenye mafunjo asikoweza kufika. Na magugu maji, yale yaliyowahi kuziba gati la Port Bell meli zikashindwa kupita? Ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani kwa ajili ya ua lake zuri, kupamba madimbwi ya nyumbani. Mapambo, msikilizaji. Kama haya ya kwetu.

Kwa hiyo siku utakayochoka na samaki wako, au amekuwa mkubwa, au unahama, usimwonee huruma ukaenda kumwachia Nakivubo au ufukweni Entebbe. Usimwage wala majani ya tangi mtaroni. Mpe mfugaji mwingine, mrudishe dukani, mpe shule yenye tangi.

Mama wa Ntinda amesubiri wiki yake ya kwanza, zimebaki nne. Mtoto, ameniambia, anachungulia majani kila asubuhi na ameshaona konokono mmoja mdogo aliyekuja na mmea, amempa jina. Wiki ya tano ikiisha wataleta danio wanane, wataiacha kavera ielee juu ya maji dakika kama ishirini mpaka joto lilingane, watawatilia humo maji ya tangi kidogo kidogo, ndipo wawaachie.

Nawe uliye na kioo kitupu stoo, au unayepanga kununua mwisho wa mwezi: kesho asubuhi chukua jerikeni, jaza, mimina, hesabu. Niletee hiyo namba kabla hujaniuliza samaki gani.